Wasifu Uliofungia Vitumbua

Wengine huanza hadithi kwa kusema hapo zamani za kale. Kwa nchi ninayotaka kuwasimulia huwezi kuanza hivyo, maana serikali yake ilikwisha kutangaza kwamba hapakuwa na zamani. Kila kitu kilianza na wao, hata mvua. Basi na sisi tuanze na wao.

Jina la nchi silitaji. Si kwa woga, wajukuu zangu. Kikongwe aogope nini, na meno yangu yalikwisha kutoka yote pasipo polisi kuyagusa? Silitaji kwa sababu bado liko kwenye kamati. Ninachojua ni kwamba nchi hiyo haiko hapa kwetu. Hapa kwetu mambo kama hayo hayatokei, na ukiyaona yanatokea, kapimwe macho.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Ajira, Subira na Matumaini. Jengo refu, vioo vitupu. Ajira ilipewa chumba kimoja cha chini, karibu na choo. Subira ilipewa ghorofa zote za katikati. Matumaini yaliwekwa juu kabisa, na lifti ilikuwa mbovu.

Mtu akitaka kazi alipeleka pale wasifu wake: karatasi ya kusema yeye ni nani, kasoma nini, kafanya nini, na nani atamsemea akiulizwa. Wa kuzisoma karatasi hizo alikuwa mtu mmoja, akiitwa Msomaji Mkuu. Msomaji Mkuu akastaafu. Nafasi yake ikatangazwa, watu wakaleta wasifu kuiomba, na hapo ndipo gari lilipokwama, maana sheria ilisema asiajiriwe mtu ambaye wasifu wake haujasomwa na Msomaji Mkuu. Wizara ikakaa kikao. Kikao kikaazimia kwa kauli moja kwamba kuna haja ya kikao. Karatasi zikaendelea kupokelewa na kugongwa muhuri, na mwenye karatasi akaambiwa, "Njoo kesho." Watu wa huko ni watiifu. Walikuja kesho.

Subira ni ibada, sikatai. Lakini nchi hiyo ilikuwa na sheria nyingine: cheti cha shule kilikuwa na mwisho wa matumizi, kama maziwa. Ukikaa nacho bila kupata kazi mpaka Sikukuu ya Bendera ya tatu, kimechacha. Unarudi darasa la kwanza kuanza upya. Msicheke. Kulikuwa na mhandisi mmoja wa madaraja, ndevu mpaka kifuani, akikaa dawati la mbele na kuimba a, e, i, o, u pamoja na wenzake wanaong'oka meno. Mwanawe ndiye aliyekuwa kiranja wa darasa. Alimchapa mara moja tu, kwa kuchelewa.

* * *

Nyuma ya Wizara, kwenye geti la magari, aliuza vitumbua mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Mize. Alikuwa na mjukuu, Zamda, msichana mrefu wa maneno machache, aliyesomea utunzaji wa maghala. Cheti chake kilikuwa kinachacha Sikukuu ya Bendera ijayo, na sikukuu ilikuwa karibu. Bendera zilikwisha kuanza kufuliwa.

"Mke mwenzangu," Bi Mize alikuwa akimtania, kama bibi anavyomtania mjukuu, "ukirudi darasa la kwanza sare nitakushonea mwenyewe. Kiuno hicho kitakula kitambaa, lakini nitajitahidi."

"Bibi, mimi silali kwa mawazo, wewe unanipima kiuno."

"Nacheka ili nisilie, mwanangu. Geuza hivyo, vinaungua."

Ndipo asubuhi moja redio ikamleta Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ngurumo, aliyekuwa hasemi neno bila kulipanda kwanza kama jukwaa.

"Ndugu wananchi! Utafiti wa kina, uliofanywa kwa kina na watu wa kina, umebaini kwamba ukosefu wa kazi nchini unaletwa na karatasi. Karatasi zenu ni nyeupe mno! Zinafanana mno! Kuanzia leo, wasifu usiong'ara hautapokelewa. Serikali imetimiza wajibu wake wa kuwataka mng'are. Kung'ara kwenyewe ni jukumu lenu!"

Yakafuata makofi. Redio ya Bi Mize ilikuwa kuukuu, hotuba ilikwaruza, lakini makofi yalitoka safi kabisa. Nadhani yalikuja nayo kutoka dukani.

Kazi ya kupima mng'aro alipewa Bwana Chaurembo, Mkurugenzi wa Mapokezi, mtu mnene, mwema, aliyeogopa vitu viwili tu, Waziri na njaa. Alisimama ng'ambo ya barabara, akafumba jicho moja, na mlinzi akanyanyua wasifu pale getini. Chaurembo akiuona, unapokelewa. Asipouona, mwingine.

Basi mji ukang'ara, jamani. Mtu mmoja alibandika vipande vya kioo, jua likapiga, likamuunguza mlinzi nyusi. Mwingine aliuwekea wake taa za rangi na betri ya lori, akauleta kwa mkokoteni. Daktari mmoja wa mifugo aliandika wake kwa hina ubavuni mwa mbuzi mweupe. Chaurembo akamwona mbuzi vizuri sana, mbuzi akapokelewa, akagongwa muhuri matakoni. Baadaye barua ya kuitwa kwenye usaili ikaja kwa jina la mbuzi. Daktari hakuitwa. Nasikia mbuzi alifanya vizuri, na kwa kuwa sheria ilimzuia mtu tu, akaajiriwa. Alisikiliza swali mpaka mwisho na hakumkatiza mtu.

* * *

Zamda akaenda kwa Kibwana Rangi, mwenye duka lililoandikwa mlangoni: Wasifu, Kadi za Harusi na Mawe ya Makaburi.

"Karibu, dada. Unataka wa kawaida, wa dhahabu, au ule Waziri-lazima-ageuke?"

"Nataka tu waone nilichosomea."

"Ah! Ukianza hivyo, dada, kazi hupati."

Akamvalisha koti la kupigia picha. Koti hilo lilikuwa moja tu mji mzima, jeusi, tai imeshonewa humohumo. Mbele ni la bwana mkubwa, nyuma hakuna kitu, linafungwa kwa kamba. Kila aliyeomba kazi alipigwa picha nalo, mke kwa mume, mnene kwa mwembamba. Bwana Chaurembo alikwisha kumwambia mkewe kwamba watu wote wasio na kazi nchini ni ukoo mmoja.

Wasifu ulipotoka kwenye mashine, picha ilijaa ukurasa mzima. Pembeni mawaridi, juu njiwa wawili wanabusiana, na chini, kwa kuwa Kibwana hakufuta ya mteja aliyetangulia, maneno ya dhahabu: Wote Mnakaribishwa, Msije na Watoto.

"Elimu yangu iko wapi?" Zamda akauliza.

"Elimu nimeitoa. Inaharibu dizaini."

"Na kazi niliyofanya ghalani?"

"Dada, nisikilize. Tukiweka ulichofanya, maua yatakaa wapi?"

Akaupeleka hivyohivyo. Ng'ambo ya barabara Chaurembo akafumba jicho, akainua kidole gumba. Muhuri. Njoo kesho. Zamda akaja kesho, na kesho yake, na kila kesho waliyokuwa nayo stoo, mpaka ikaingia wiki ya bendera.

* * *

Asubuhi moja ya wiki hiyo Zamda akafungua mzigo wa karatasi za kufungia vitumbua. Ya juu kabisa ilikuwa yeye mwenyewe. Koti, mawaridi, njiwa, muhuri. Ya pili ilikuwa ya yule bwana wa vioo, vioo vimebanduliwa. Ya tatu, ya nne, zote hivyo.

"Bibi, karatasi hizi unanunua wapi?"

"Kwa mlinzi, hapo getini. Wanazitoa kila Ijumaa. Nzuri, ngumu, na siku hizi zina maua."

"Bibi, hizi ni wasifu wa watu!"

"Loo! Na mimi, miwani sivai nikikaanga, nilidhani matangazo ya waliopotea. Nikawa nawahurumia, maskini, wamepotea wote na koti lilelile."

Zamda akacheka. Kisha kicheko kikamgeukia njiani, akalia, amekaa juu ya gunia la mchele na uso wake mapajani. Bi Mize akaepua kikaango, jambo ambalo hakulifanya hata siku msafara wa Waziri ulipopita, akaja akakaa naye.

"Hakuna anayesoma, bibi. Hata mmoja."

"Si kweli. Chaurembo anasoma."

"Chaurembo?"

"Nikimpelekea vitumbua vya chai ya saa nne. Mdomo una kazi, macho hayana, basi anasoma karatasi. Jana kaniuliza yule fundi wa nyuki aliishia wapi, maana nilimfungia ukurasa wa kwanza tu." Akamfuta mjukuu wake machozi kwa ncha ya kanga, akamwachia na unga kidogo shavuni. "Mke mwenzangu, chukua kalamu. Andika ulichofanya, kwa mkono wako, bila njiwa. Ila usimpe chote. Mwenye njaa hapewi sinia, anapewa harufu."

* * *

Karatasi ya kwanza ilisema hivi: "Mimi Zamda binti Mbaruku nimesomea utunzaji wa maghala. Nikiwa mafunzoni nilipelekwa ghala la mahindi la serikali. Kila mwezi magunia yalipungua, na kila mwezi taarifa ilisema yameliwa na panya. Nikaona panya huyu, anayekula mahindi, gunia na kamba yake, ni vizuri tukajuana. Adhuhuri moja watu wamekwenda kula, nikajibanza nyuma ya magunia. Ghala lile halina dirisha. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Nikawasha tochi, nikaona panya huyo amevaa"

Baada ya hapo kulikuwa na mafuta tu.

Bwana Chaurembo akaigeuza karatasi. Akaimulika dirishani. Akashuka ngazi mwenyewe mpaka kwenye kibanda, na watu wakasimama kumtazama, maana hajapata kuonekana akitembea saa za kazi.

"Bi Mize, amevaa nini?"

"Nani, mwanangu?"

"Panya!"

"Mimi najua vitumbua tu, bwana mkubwa. Njoo kesho."

Maneno hayo Chaurembo alikuwa ameyasema maisha yake yote. Kuambiwa ndiyo mara ya kwanza. Ilibidi ashikwe mkono kurudi ofisini.

Kesho akaja kabla ya saa nne. Karatasi ikasema: "viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa, kisigino kimoja kimelika upande." Karatasi ile ikapita ofisi kwa ofisi, ikachakaa kabla ya adhuhuri. Chini ya kila meza mtu alikuwa akijikunja kutazama visigino vyake.

Siku iliyofuata Wizara nzima, wakurugenzi kwa makarani, ilikuja kazini na kandambili. Waziri mwenyewe alikuja na za bafuni, za buluu, akatangaza kwamba ni agizo la wataalamu wa afya, miguu ipumue.

Saa nne wakapata kipande cha tatu: "Nikapandisha tochi polepole mpaka kiunoni. Suruali imenyooshwa vizuri, na mkanda wenye bizimu ya shaba, bizimu ina nembo ya serikali."

Asubuhi yake wakaja wameshika suruali kwa mikono. Siku hiyo Waziri alikuwa anafungua semina ya Uadilifu. Mkono mmoja kipaza sauti, mkono mwingine suruali, akanguruma vilevile. Alipomaliza, watu walitakiwa kupiga makofi, na kila mmoja ilibidi achague papo hapo kati ya heshima ya Waziri na heshima yake. Makofi yalikuwa hafifu. Hata hivyo watiifu hawakosekani, na suruali zao ziliokotwa na wahudumu.

Kipande cha nne kikaja siku mbili kabla ya Sikukuu ya Bendera: "Nikapandisha tochi kifuani, mpaka shingoni. Panya akageuka. Nikamwona uso, nikamtambua, kwa kuwa picha yake nimeiona mara nyingi. Alikuwa ni"

Mafuta.

* * *

Viatu unaweza kuviacha nyumbani. Mkanda pia. Uso ni mgumu kuuacha. Kikao cha dharura kikaitwa, na kilikuwa kikao cha kwanza katika nchi ile kuanza kwa wakati.

"Ni nani?" akauliza Waziri.

"Mheshimiwa, hajasema bado," akajibu Chaurembo.

"Najua hajasema! Nauliza ni nani!"

Kila mtu akaitazama meza. Jambo moja lilinishangaza niliposimuliwa: katika chumba kile chote, chenye watu wa kina, hakuna hata mmoja aliyeuliza ni ghala gani.

"Mheshimiwa," Chaurembo akasema taratibu, "kesho ndiyo kipande cha mwisho. Tumpe kazi leo. Mtu mwenye kazi hana haja ya wasifu."

"Ipo kazi gani?"

"Iliyo wazi ni ya Msomaji Mkuu peke yake."

"Na sheria? Wasifu wake umesomwa?"

"Mheshimiwa, huo ndio wasifu pekee uliosomwa na Wizara yote, na madereva."

Barua ikapigwa chapa pale pale. Chaurembo akaileta mwenyewe mbio, kandambili zinampiga visigino, mkono mmoja barua, mkono mmoja suruali. "Saini, mwanangu," akasema akihema. "Saini kabla hujakumbuka kitu kingine."

Zamda akasaini juu ya pipa la unga. Cheti chake kilikuwa kimebakiza kesho moja, na kwa mara ya kwanza hakuihitaji. Bi Mize akampa Chaurembo kitumbua cha shukrani. Alikitia mkononi hivihivi, bila karatasi, na yule bwana akakila akiwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Alipokwisha kwenda, bibi akamvuta mjukuu wake karibu. "Sasa niambie mimi. Alikuwa nani?"

"Bibi, tochi ilikuwa ya serikali. Ilizimika palepale kwenye viatu."

"Na mkanda?"

"Mkanda niliongeza. Dizaini."

Bi Mize alicheka mpaka akaishika nguzo ya kibanda. "Yaani wote wale wamevua viatu kwa ajili ya panya mmoja?"

"Mmoja ndiye niliyemwona, bibi."

* * *

Zamda alipokwenda kuanza kazi aliomba apewe karatasi azisome. Chaurembo akamwambia kwa adabu kwamba karatasi zote ziko kwa bibi yake. Basi ofisi ya Msomaji Mkuu ikahamishiwa kibandani. Waziri akaja kuizindua, akakata utepe uliofungwa kutoka mwiko wa vitumbua mpaka mpini wa kikaango, akasema huo ni ushahidi kwamba serikali inawafuata wananchi walipo. Kisha akaomba vya kubeba.

Na Zamda akawa anakaa palepale alipokuwa akikaa siku zote, juu ya gunia la mchele, ila sasa na muhuri. Anasoma. Anayestahili anamweka kando, kazi inapatikana. Yule mhandisi wa madaraja alitolewa darasa la kwanza. Kiranja alimwandikia ruhusa mwenyewe, akamshauri baba yake asisahau irabu. Daktari wa mifugo naye alipata kazi. Amewekwa chini ya mbuzi, lakini amepata.

Aliyelalamika ni mmoja tu.

"Mke mwenzangu, kila unayempa kazi, mimi nakosa karatasi. Vitumbua nitafungia nini, vilemba?"

Hilo nalo likapatiwa dawa. Siku hizi Bi Mize anafungia hotuba za Waziri, zinazotolewa getini kwa marobota. Anasema karatasi bora kuliko hizo hajapata kuona. Nzito, laini, na unaweza kuzitumbukiza kwenye mafuta asubuhi ukazitoa jioni: hakuna kilichoingia, maana hakuna kilichokuwamo.

Yangu yaishie hapo karatasi ilipochanika. Mwenye utamu ulimini ameze, mwenye mafuta vidoleni ajifute, na asijifutie kwangu.

Ghalani, mnauliza? Ghalani magunia bado yanapungua. Ila wanasema panya wa siku hizi wana adabu. Viatu wanaviacha mlangoni, wanaingia pekupeku.